Tochi za vichakani mpaka lini?

Chuo kinakaribia kufungwa, wengi wetu tutapanda mabasi pale stendi ya Shule ya Tanga, tupite Lukumburu, Njombe, Makambako mpaka Dar. Kwa hiyo leo tuongelee tochi.

Niseme mapema, mimi naunga mkono tochi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inasema kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na basi kubwa lisizidi 80. Dereva anayekimbiza anachezea roho zetu, sio petroli yake tu.

Ila jamani, tochi iliyofichwa kwenye nyasi inamsaidia nani? Dereva anayetoka mbele anawasha taa, wa kwetu anapunguza, akishapita tu anakanyaga tena. Serikali imepata hela za faini, sisi abiria tumepata nini? Kamera ikae kwenye kona mbaya, ionekane, na kibao kikubwa kitangulie. Hapo dereva atapunguza mwendo penye hatari yenyewe.

Kuna jamaa hapa hosteli wanasema tuweke mashine kila mahali, maana mashine haiombi chai. Sawa, ila tuangalie na Uganda. Juni 2025 walianza kutoza faini za kamera kwa nguvu: laki 2 za kwao, na laki 6 ukizidisha mwendo sana. Watu wa Kampala wakapiga kelele kwamba kuna sehemu mwisho ni 30 na vibao havieleweki. Mwezi ule ule serikali ikausimamisha mfumo kwanza. Mashine haikula rushwa, lakini watu hawakuiamini.

Halafu kamera inasoma namba ya gari, haimjui aliyeshika usukani. Kwa hiyo anayedaiwa aonyeshwe picha, mahali, saa na mwendo, na awe na pa kupinga kabla deni halijakua.

Mwisho, tusipime kamera kwa hela inazoingiza. Kama kona moja inaingiza mamilioni kila mwezi, maana yake watu bado wanakimbia pale pale. Kamera nzuri ni ile inayofikia kukosa wa kumpiga picha.

Mnasemaje wadau? Likizo njema, na mkanda ufungwe hata kama umekaa siti ya nyuma. Tuko pamoja.