Mwaka wa Kwanza Nje ya Gereza



Tarehe 9 Desemba 2019, katika Sikukuu ya Uhuru iliyoadhimishwa Mwanza, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533. Tarehe 26 Aprili 2021, Siku ya Muungano, Rais Samia Suluhu Hassan naye akawasamehe 5,001. Kila msamaha wa namna hii unapotangazwa, husikika minong'ono ileile: "Watarudi tu, tabia ni kama ngozi."

Hofu hiyo haikosi msingi. Nchini Marekani, watakwimu wa serikali waliwafuatilia wafungwa walioachiliwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Asilimia 44 walikamatwa tena ndani ya mwaka wa kwanza. Hadi mwaka wa tatu walikuwa wamefika asilimia 68, na hadi mwaka wa tisa asilimia 83. Vijana walikamatwa zaidi kuliko wazee, wanaume zaidi kuliko wanawake, na waliofungwa kwa wizi zaidi kuliko waliofungwa kwa makosa ya kudhuru watu.

Marekani si Nduguti, lakini takwimu hizo zinatufundisha mambo mawili. Kwanza, umri, jinsia na kosa ni sifa za kundi. Hazituambii huyu aliyesimama mlangoni petu atafanya nini kesho. Pili, zaidi ya nusu ya wote waliokamatwa tena katika miaka tisa walianguka katika mwaka ule wa kwanza. Umri wa mtu na kosa lake la jana hatuwezi kuvibadili. Mwaka wake wa kwanza uraiani, je? Huo anaupitia miongoni mwetu, akitafuta pa kulala, chakula na kibarua.

Mtakatifu Paulo, akiwa mwenyewe kifungoni, alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu. Hakulificha deni, aliahidi kulilipa yeye. Ndiyo maana nasema huruma haifuti haki ya aliyeibiwa. Mwenye ng'ombe aliyechukuliwa naye ni mwamini wetu, na machungu yake ni ya kweli.

Kwa hiyo napendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo iteue wazee wawili. Anaporudi mtu kutoka gerezani, wamtembelee kwanza aliyekosewa na kumsikiliza. Kisha wamdhamini aliyerudi apate kazi katika mashamba ya alizeti na vitunguu, wakimjulia hali kila wiki kwa mwaka mzima. Sisemi akabidhiwe siku hiyohiyo ufunguo wa sanduku la sadaka. Uaminifu hujengwa polepole. Nasema asikose mtu wa kumwita kwa jina lake.

Tukimfungia milango yote, ukabaki wazi mmoja tu wa wenzake wa zamani, tusishangae akiingia humo. Siku hiyo tusiseme takwimu zilitabiri, kwa kuwa sisi nasi tutakuwa tumezitimiza.