Kahawa yetu isipimwe kwa kipimo cha wengine

Mwaka 2019 wakulima wa Kona, kisiwani Hawaii, walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mjini Seattle. Walidai kuwa eneo lao hutoa takriban ratili milioni 2.7 za kahawa kwa mwaka, ilhali inayouzwa kwa jina la Kona inapita ratili milioni 20. Hesabu hiyo ilitosha kuonesha kuwa kuna wizi, lakini haikumtaja mwizi. Maabara ndiyo iliyomtaja. Mwanabiolojia James Ehleringer wa Chuo Kikuu cha Utah alipima uwiano wa madini, kama strontiamu kwa zinki na bariamu kwa nikeli, ambao haupotei hata kahawa ikishakaangwa. Kampuni zilizoshtakiwa zikamaliza kesi kwa suluhu, moja baada ya nyingine, na jumla ya malipo ikapita dola milioni 41.

Tunawapongeza wakulima wale. Kwetu sisi Watanzania, hata hivyo, habari hii ni kengele ya hatari.

Kipimo chenyewe hakina uganga. Punje chache husagwa, huyeyushwa kwa asidi, kisha mashine huhesabu madini yaliyomo. Mbuni hunywa kutoka kwenye mwamba ulio chini yake na mvua inayouangukia, na vyote viwili huacha alama ndani ya punje. Kahawa ya Kilimanjaro imeota kwenye udongo wa volkano, na ya Mbinga kwenye miamba ya kale isiyo ya volkano. Lakini mashine haijui Kilimanjaro ni wapi. Hulinganisha tu punje iliyoletwa na sampuli ambazo asili yake inajulikana kwa yakini. Mwenye hifadhi ya sampuli hizo ndiye mwenye neno la mwisho, na wakulima wa Kona walifanikiwa kwa sababu kahawa halisi ya kulinganishia ilikuwa yao.

Sheria ya Umoja wa Ulaya dhidi ya ukataji misitu inaitaja kahawa waziwazi, na inawaruhusu wakaguzi kutumia uchunguzi wa kemikali kubaini mahali zao lilipolimwa. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na baadhi yetu tumeuchukulia uahirishaji huo kama likizo. Siku utakapoanza, mkaguzi akiwa na sampuli chache tu za Tanzania, tena za mkoa mmoja, mkulima wa Mbozi au Kigoma atajiteteaje akiambiwa kahawa yake haifanani na ya Tanzania?

Hapa pana kichekesho kichungu. Kwa kanuni za biashara za Japani, arabika ya Tanzania huitwa Kilimanjaro hata ikitoka Mbinga, isipokuwa ya Bukoba, na mchanganyiko huruhusiwa kubeba jina hilo ukiwa na asilimia 30 tu ya kahawa hiyo. Jina limetutajirishia soko na hatulikatai. Ila likipelekwa maabara, mlima utalikana.

Tusiipe sayansi hii kazi isiyoiweza. Wapo wanaodhani itakomesha magendo ya kahawa kati ya Kagera na Uganda. Mwamba na mvua haviishii mpakani Mutukula. Punje za pande mbili za mpaka zinaweza kufanana kama mapacha. Mkulima anayevusha gunia usiku anafuata bei nzuri na malipo ya papo hapo. Dawa yake ni ushirika unaolipa kwa wakati, na hakuna maabara itakayoziba pengo hilo.

Bodi ya Kahawa, taasisi ya utafiti TaCRI iliyopo Lyamungo na Mkemia Mkuu wa Serikali wakae meza moja kabla ya msimu ujao. Sampuli zikusanywe kwa kila chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), kila wilaya inayolima, arabika na robusta, na zirudiwe kila msimu, maana mbolea na hali ya hewa hubadilisha vipimo. Takwimu zibaki mali ya nchi; mnunuzi akizihitaji, aje azione kwa masharti yetu. Na Bunge lisipitishe bajeti ya kilimo bila kumuuliza waziri kazi hii imetengewa shilingi ngapi.