Bustani nayo ni urithi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji kuhusu Gravetye Manor, hoteli iliyoko West Sussex, kusini mwa Uingereza, ambako mimi na mume wangu tulilala hivi karibuni.

Jumba hilo la mawe lilijengwa 1598, lakini sifa yake imo bustanini. Katika miaka ya 1880 lilinunuliwa na William Robinson, mzaliwa wa Ireland, aliyeandika kitabu cha The Wild Garden (1870). Enzi hizo matajiri walipenda maua ya msimu mmoja, yaliyopangwa kwa vipimo kama nakshi za zulia. Robinson alipinga mtindo huo. Alitaka mimea ya kudumu, ichanganyike na kuenea yenyewe. Aliishi hapo hadi alipofariki 1935. Nyumba ikawa hoteli 1958.

Bustani ya mboga imezungushiwa ukuta wa mawe wenye umbo la yai. Asubuhi tulimkuta mtunza bustani aking'oa karoti, udongo mbichi ukiwa bado kwenye mizizi. Jioni tukaletewa karoti mezani, tamu ajabu.

Bei ni kali, sitaficha. Hata hivyo, asiyemudu kulala anaweza kuweka nafasi ya chakula cha mchana.

Nawaomba wenye hoteli za kwetu zilizo katika majumba ya kale: msikate miti ya zamani ili mpate maegesho ya magari. Mthaminini mtunza bustani kama mnavyomthamini mpishi.

Msomaji wako,
Reading, Uingereza