Mizani Nne za Kitabu cha Chemsha Bongo



Ndugu msomaji, kila madrasa zinapokaribia likizo, wazazi wa hapa Shangani hutuuliza wawanunulie watoto kitabu gani. Siku hizi vinavyopendwa zaidi ni vitabu vya chemsha bongo vya jiografia: maswali mafupi na majibu mafupi, kuhusu miji mikuu, mito, milima na bendera. Ni jambo la kheri. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 13, tunafundishwa kuwa Mwenyezi Mungu (S.W.) ametujaalia kuwa mataifa na makabila ili tupate kujuana. Mtoto anayezijua nchi za watu ameanza kuitekeleza hikma hiyo. Lakini aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inatuamrisha kuipambanua khabari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kitabu nacho ni mleta khabari, kwa hiyo nacho kipimwe.

Mizani ya kwanza ni mwaka wa toleo. Jiografia ya serikali na mipaka hubadilika. Kitabu kinachosema Sudan ndiyo nchi kubwa kuliko zote Afrika kiliandikwa kabla ya mwaka 2011, ilipozaliwa Sudan Kusini. Tangu hapo nafasi hiyo ni ya Algeria. Kitabu kisichoutaja Mkoa wa Songwe kimeachwa nyuma na mwaka 2016. Swaziland imekuwa Eswatini tangu 2018, na mji mkuu wa kisiasa wa Burundi ni Gitega tangu 2019, Bujumbura ikabaki mji wa biashara.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Katika mashindano ya madrasa niliyoyahudhuria, binti mmoja aliulizwa mji mkuu wa Burundi, akajibu Gitega. Kitabu mezani kilisema Bujumbura, akanyimwa alama, na zawadi ikaenda kwa mwingine. Binti yule hakubisha, kwa kuwa amelelewa kutobishana na wakubwa. Alirudi kwenye mkeka akakaa kimya. Tazama basi, ndugu msomaji: mtoto amesema kweli mbele ya hadhara ya Waislamu, na hadhara ikamwambia amekosea. Huo ni upungufu wa uadilifu, na chanzo chake ni kitabu kikuukuu kilichoaminiwa bila kupimwa.

Mizani ya pili ni mahali alipokuwa amesimama mwandishi. Vitabu vingi viliandikwa Ulaya, kisha vikatafsiriwa. Humo mtoto hufundishwa kuwa Desemba ni mwezi wa baridi, ilhali kwetu Desemba ni joto, mvua na upepo wa kaskazi. Ataambiwa jua la adhuhuri huwa kusini. Hapa Mtwara, Juni huwa upande wa kaskazini. Ataelekezwa aitafute nyota ya kaskazini usiku, naye akiwa kusini ya ikweta hataiona hata akikesha.

Lenye uzito zaidi kwetu ni swali la kibla. Nimelikuta katika kitabu kimoja: Waislamu husali wakielekea upande gani? Jibu likawa: mashariki. Waislamu huelekea Al-Kaaba, na upande wake hutegemea mahali ulipo. Mtwara ipo karibu digrii 10 kusini ya ikweta na Makka digrii 21 kaskazini yake, na tofauti yao ya longitudo haifiki nusu digrii. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, karibu sawasawa kabisa. Mtoto akilishika jibu la kitabu, atamwona bibi yake anasali kombo, au atajifunza kuwa maandishi yana haki ya kumkanusha bibi bila hoja. Lipi katika hayo mawili tungelipenda?

Mizani ya tatu ni uwazi wa swali lenyewe. "Ziwa lipi ni kubwa kuliko yote Afrika?" Kwa eneo ni Viktoria. Kwa wingi wa maji ni Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi. Swali lisilotaja kipimo humwadhibu mtoto mwenye fikra na kumtuza aliyekariri tu. Kitabu chema husema: kwa eneo, kwa kina, kwa urefu.

Mizani ya nne ni heshima kwa watu. Ukikuta swali "Nani aligundua Ziwa Nyasa?" na jibu ni David Livingstone, simama hapo. Livingstone alilifikia mwaka 1859, na mwaka 1866 alianza safari yake nyingine kutokea hapa kwetu Mikindani. Lakini watu waliishi kando ya ziwa lile karne nyingi, na wafanyabiashara wa Kiyao walikuwa wakisafiri kati ya bara hiyo na Kilwa. Mtu hagundui nyumba yenye wenyewe ndani. Angalia pia kama kitabu kinamjua Al-Idrisi, aliyekamilisha ramani yake ya dunia mwaka 1154 na kuiweka kusini juu, au Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Asiyewataja hao amesimulia nusu ya elimu hii.

Mzazi mwenye haraka dukani na afanye hivi: asome mwaka wa toleo, kisha achague maswali matano ambayo majibu yake anayajua kwa yakini, hasa ya Tanzania na majirani, na ayalinganishe. Mawili yakipotoka, akirudishe rafuni. Kilichokwisha nunuliwa kisitupwe. Kaeni pamoja baada ya Isha, mtoto asahihishe kwa kalamu, na kwa kila jibu aulizwe: tumejuaje?

Kwa kibla jibu lipo uwanjani. Tarehe 27 au 28 Mei mnamo saa 6:18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai mnamo saa 6:27, jua huwa juu ya Al-Kaaba, na saa ya Makka ni sawa na yetu. Mtoto alielekee jua, bila kulikodolea macho, kivuli chake kianguke nyuma yake: hapo ameelekea kibla.

Na kwa walimu na wasimamizi wa mashindano: jibu la mtoto likihitilafiana na la kitabu, alama isitolewe wala isinyimwe mpaka lithibitishwe. Dakika tano za kuuliza ni nyepesi kuliko haki ya mtoto.

Wabillahi tawfiq.