Kuingia Tunduni si Kupatana

Limekuwa jambo la kawaida, katika shule za sekondari zenye mwalimu mwenye ari, wanafunzi kuunda kompyuta ya mezani kwa mikono yao wenyewe. Vipande hununuliwa kimoja kimoja, aghalabu vile vilivyokwisha kutumika ng'ambo, katika maduka ya Kariakoo mjini Dar es Salaam au ya Luthuli Avenue mjini Nairobi; bisibisi huazimwa; na siku ya kufunga mashine huwa siku ya sherehe ndogo. Zoezi hili ni jema. Lakini limebeba mtego usiofundishwa ipasavyo, na mtego wenyewe umo katika fikra moja inayoonekana kuwa ya busara: kwamba kipande kikiingia mahali pake bila kulazimishwa, basi kimepatana na vyenzake.

Fikra hiyo haikuzuka bure. Watengenezaji wenyewe ndio walioipandikiza, tena kwa nia njema. Kijiti cha kumbukumbu cha aina ya DDR3, kinachotumia umeme wa volti 1.5, kina nukta za mguso 240. Cha DDR4, kinachotumia volti 1.2, kina nukta 288. DDR5 nayo ina nukta 288 kama mtangulizi wake, lakini hutumia volti 1.1, na mkato ulio ukingoni mwake umesogezwa ili kijiti cha aina moja kisiweze kusukumwa katika mfereji wa aina nyingine. Prosesa nayo ina alama za pembeni zinazoizuia kuketi kinyume. Mwanafunzi akiyaona hayo huhitimisha kwamba umbo ni mlinzi wa kutosha. Hitimisho hilo ni nusu tu ya ukweli. Umbo likikataa, shauri limekwisha. Umbo likikubali, bado hakuna lililojulikana, isipokuwa kwamba plastiki na chuma vimekatwa kwa kipimo kimoja.

Mfano ulio bora ni soketi ya Intel iitwayo LGA1151. Soketi hiyo ilitoka mwaka 2015 pamoja na prosesa za kizazi cha 6, na mbao mama zake zilibeba chipuseti za namba 100, mathalani H110. Chipuseti, kwa wasioifahamu, ni chipu iliyolehemiwa kwenye ubao, inayosimamia mawasiliano kati ya prosesa na diski, milango ya USB na vinginevyo. Januari 2017 kikaja kizazi cha 7 na chipuseti za namba 200. Hapo mambo yalikuwa shwari, kwani mbao za awali ziliweza kupokea prosesa hizo mpya baada ya kubadilishiwa BIOS, yaani ile programu ya mwanzo inayokaa ndani ya ubao wenyewe na kuiamsha mashine kabla ya programu nyingine zote. Oktoba 2017 kikaja kizazi cha 8. Idadi ya nukta ni ileile, 1151. Ukubwa ni uleule. Prosesa ya Core i5-8400 huketi ndani ya soketi ya ubao wa H110 kwa utulivu kabisa, wenzo hufungwa, feni hukazwa. Na mashine haiwaki. Intel ilikuwa imeongeza viini vya prosesa zake, kutoka vinne hadi sita kwa daraja la i5, na baadhi ya nukta ambazo awali ziliachwa bila kazi zikapewa kazi ya kupitisha umeme. Tena kampuni ikaagiza kwamba kizazi hicho kitumie chipuseti za namba 300 peke yake.

Wako mafundi walioonyesha baadaye kwamba kwa kuigeuza BIOS, na pengine kwa kufunika nukta fulani, ubao wa zamani waweza kulazimishwa kuiwasha prosesa mpya. Ustadi wao hauna ubishi. Unaonyesha hata kwamba mpaka uliowekwa ulikuwa, kwa sehemu, mpaka wa kibiashara, na lawama hiyo kampuni inaistahili: anayebadili kazi ya nukta za soketi na kuiachia soketi umbo na jina lake la zamani amemtegea mnunuzi. Lakini maabara ya shule si mahali pa kutegemea ujanja wa namna hiyo. Fundi aliyeugeuza ubao atahama au atasahau, na mashine itabaki kwa watu wasiojua ilifanyiwa nini.

Hapa ndipo linapotamkwa neno linalosikika sana katika karakana: jaribu uone. Hudhaniwa kuwa ni neno la kisayansi, maana sayansi si ndiyo majaribio? La hasha. Jaribio la kisayansi ni lile ambalo matokeo yake yaweza kutenga sababu moja na nyingine. Kioo cheusi hakitengi chochote. Kompyuta isiyowaka yaweza kuwa na prosesa isiyotambuliwa na ubao, au BIOS iliyopitwa na wakati, au kijiti cha kumbukumbu cha jamii nyingine, au kijiti kizuri kisichosukumwa hadi mwisho, au waya wa umeme wa prosesa uliosahauliwa, au mguu mmoja wa soketi uliopinda katika huko kujaribu kwenyewe. Sababu sita, dalili moja. Na kila kutoa na kurudisha kuna gharama yake, kwa kuwa miguu ya soketi za LGA ni myembamba mno, na ukipinda mmoja tu ubao wote waweza kuwa hauna kazi tena. Muuzaji naye ameshabandika tangazo lake ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Fedha inayopotea hapo ni ya wazazi, na mwalimu aliyeiomba atapata taabu kuiomba mara ya pili.

Kwa upande wa AMD kosa lina sura nyingine. Soketi ya AM4, iliyotoka mwaka 2016 na kuanza kupokea prosesa za Ryzen mwaka 2017, imesifiwa kwa kudumu, na sifa hiyo ni ya haki, maana prosesa mpya ziliendelea kutolewa kwa ajili yake kwa miaka mingi. Ila udumu huo uligongana na jambo dogo ambalo watu wachache walilifikiria. BIOS huhifadhiwa katika chipu ndogo, na katika mbao nyingi za awali chipu hiyo ilikuwa na nafasi ya megabaiti 16 tu. Kila jamii ya prosesa inayotambuliwa huchukua sehemu ya nafasi hiyo. Mei 2020 AMD ilitangaza kwamba mbao za chipuseti za namba 400 hazingepokea prosesa zilizokuwa njiani, ambazo baadaye ziliitwa Ryzen 5000, na ufinyu huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Wanunuzi walilalamika, na kabla ya mwezi kwisha kampuni ikabadili kauli. Baadhi ya watengenezaji wa mbao walilazimika kuondoa prosesa za zamani katika BIOS mpya ili zile mpya zipate nafasi. Maana yake ni kwamba ubao uleule, soketi ileile, waweza kupatana na prosesa fulani leo na kukosana nayo kesho, bila bisibisi kugusa chochote.

Basi mtu ananunua ubao wa B450, uliotoka 2018, na prosesa ya Ryzen 5 5600, iliyotoka 2022. Zimepatana? Jibu la kweli ni kwamba inategemea BIOS iliyomo ndani ya ubao ule ulio mkononi mwake. Ikiwa ni ya mwaka 2019, mashine haitawaka hadi BIOS ibadilishwe. Na BIOS, kwa kawaida, hubadilishwa na mashine ambayo tayari imewaka. Mwaka 2018, mkwamo wa namna hii ulipotokea, AMD ilifika hadi kuwaazima wateja prosesa ya zamani ili waipandishe BIOS kisha wairudishe. Baadhi ya mbao zina kitufe kinachoruhusu BIOS kusomwa kutoka flashi bila prosesa yoyote kuwapo, na kitufe hicho kina thamani kubwa kwa shule kuliko taa za rangi ambazo wauzaji hupenda kuzisifia.

Katika mfano huohuo umo mtego wa pili. Ryzen 5 5600 haina sehemu ya kutengeneza picha ndani yake. 5600G ndiyo inayo. Herufi moja. Ubao una tundu la HDMI nyuma, waya wa kioo huchomekwa, kila kitu ni kizima na kimepatana, na bado kioo hakionyeshi kitu kwa kuwa hakuna kadi ya picha. Kwa Intel mambo ni kinyume: huko herufi F mwishoni mwa jina ndiyo inayosema kwamba picha hamna.

Kuhusu kumbukumbu, kosa la kasi ni dogo. Kijiti kilichoandikwa 3600 kikiwekwa katika ubao wa B360 kitaenda kwa 2666, kasi ya juu ambayo chipuseti hiyo inaruhusu, na mwanafunzi hatapungukiwa na kitu anachoweza kukihisi. Kosa zito liko kwenye vijiti vya DDR4 vilivyotolewa katika kompyuta kubwa za seva, viitwavyo RDIMM. Vijiti hivi huvutia kwa bei yake na kwa ukubwa wa kumbukumbu yake. Mkato wake uko palepale ulipo wa kijiti cha kawaida, hivyo huingia. Lakini kati ya chipu zake za kumbukumbu na ubao kuna chipu nyingine inayopokea amri kwanza na kuzipitisha, na prosesa za kawaida za mezani hazikuundwa kuzungumza na mpatanishi huyo. Katika DDR5 mkato wa vijiti vya seva ulitofautishwa na wa vile vya kawaida. Kwa DDR4, kinga pekee ni kuisoma karatasi iliyobandikwa juu ya kijiti. Yafaa pia kukumbukwa kwamba jina la chipuseti peke yake halitaji aina ya kumbukumbu. Ziko mbao za H110 za DDR4 na nyingine za DDR3, na prosesa za Intel za kizazi cha 12, zilizotoka 2021, hukubali DDR4 na DDR5, ilhali ubao zinamokaa kwa kawaida umejengewa moja tu kati ya hizo.

Husemwa na wazee wa kazi kwamba zamani mambo yalikuwa mepesi. Ni kweli kwamba katikati ya miaka ya 1990 soketi moja, Socket 7, ilipokea Pentium ya Intel, K6 ya AMD na 6x86 ya Cyrix, hadi Intel ilipoiacha kwa kutoa Pentium II mwaka 1997. Wepesi huo lakini ulitaka volti za prosesa zipangwe kwa mkono, kwa vipande vidogo vya kuunganishia juu ya ubao. Pentium ya kawaida ilitaka takriban volti 3.3, ile ya MMX ilitaka 2.8 kwa viini vyake. Aliyekosea hakupata kioo cheusi tu. Aliweza kuiunguza prosesa. Wakati huo hakuna aliyefungua mfuko wa prosesa kabla ya kufungua kitabu cha ubao, na tabia hiyo ndiyo iliyopotea pale soketi zilipoanza kujipangia volti zenyewe.

Tabia hiyo yafaa irudishwe darasani, na irudishwe kwa mpango huu: ubao mama uchaguliwe kwanza, prosesa baadaye. Madukani hufanywa kinyume, kwa kuwa prosesa ndiyo yenye jina la kusifika. Lakini prosesa haijui itakaa wapi. Ubao ndio wenye orodha. Kila mtengenezaji wa mbao anayeheshimika huchapisha jedwali la prosesa ambazo ubao wake unazikubali, na kando ya kila prosesa huandika toleo la BIOS ambalo tangu hapo inatambuliwa. Jedwali hilo lichukuliwe kama sheria: prosesa isiyomo hainunuliwi. Orodha ya vijiti vya kumbukumbu ni jambo tofauti. Hiyo hutaja vile vilivyopimwa, na hakuna kampuni iwezayo kupima vijiti vyote vya dunia; kwa hiyo kijiti kisichotajwa hakijahukumiwa, mradi aina, volti na jamii yake ni sawa.

Itapingwa kwamba ziko huduma katika intaneti zinazolinganisha vipande na kutoa jibu mara moja. Zafaa kwa kuanzia. Zinachokijua ni mfano wa ubao. Hazijui BIOS iliyomo ndani ya ubao huu ambao umelala juu ya kaunta, wala toleo la ubao wenyewe, ambalo baadhi ya watengenezaji hulichapa pembeni kwa herufi ndogo na kulitengea jedwali lake. Itapingwa pia kwamba shule inunue mashine zilizokwisha kufungwa kiwandani na iachane na usumbufu wote. Kwa shule inayotaka kufundisha uandishi wa barua na mahesabu ya jedwali, pingamizi hilo ni sahihi. Kwa shule inayotaka wanafunzi wajue kompyuta ni nini, usumbufu ndio somo.

Mwalimu atakayeanza na karatasi atahitaji kipindi kizima bila kipande hata kimoja mezani. Wanafunzi watapewa majina matatu, la ubao, la prosesa na la kijiti, na watatakiwa kuandika soketi, chipuseti, toleo la BIOS linalohitajika, aina na jamii ya kumbukumbu, na iwapo picha itatoka. Baadhi watachoka kabla ya kengele. Siku ya kwenda dukani wachukue karatasi hiyo, na wamwombe muuzaji auwashe ubao kwa prosesa ya zamani aliyo nayo ili namba ya BIOS ionekane kwenye kioo. Ombi hilo huchukua dakika chache, na wauzaji wenye mbao nzima hawalikatai. Namba iandikwe kwa penseli kando ya ile iliyotoka katika jedwali, zilinganishwe, kisha ndipo fedha itolewe.