Chupa Iliyolala Nyumbani kwa Mtu

Mpenzi msomaji, kuna kazi ambayo mtu akiulizwa na wakwe anafanya nini mjini, huenda akajikohoza kwanza kabla ya kujibu. Ni kazi ya kukusanya mikojo ya wanamichezo.

Ni kazi halali, tena ya maana. Mkusanyaji humfuata mchezaji hadi msalani, chupa ikajazwa, ikatiwa lakiri mbele ya mchezaji mwenyewe, kisha ikapelekwa maabara kupimwa kama mna dawa za kusisimua misuli. Sisi wa nchi ya wakimbiaji tunaijua. Tangu 2016 tuna hata sheria yetu ya kupambana na dawa hizo. Lakini kisa cha leo ni cha Marekani, katika besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu.

Ryan Braun alikuwa nyota wa timu ya Milwaukee Brewers. Jumamosi, Oktoba 1, 2011, alipimwa. Mkusanyaji aliona kuwa kampuni ya vifurushi haingeisafirisha chupa hadi Jumatatu, basi akaenda nayo nyumbani kuihifadhi. Ikakaa huko saa zipatazo 44. Ilipofika maabara mjini Montreal, Kanada, lakiri zilikuwa nzima. Lakini testosteroni, ile homoni ya kiume, ilikuwa imezidi kiwango mno. Novemba Braun akatuzwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake. Desemba, habari ya chupa ikavuja.

Adhabu ilikuwa kukosa mechi 50. Braun akakata rufaa, na mawakili wake wakashikilia zile saa 44, kwani kanuni zilitaka sampuli isafirishwe siku iyo hiyo. Februari 23, 2012, kwa kura mbili dhidi ya moja, adhabu ikafutwa. Sheria ni msumeno, na siku hiyo iliwakata wenyewe walioitunga.

Hapo Braun angenyamaza, akashukuru Mungu, akaenda zake uwanjani. La! Kesho yake alisimama mbele ya waandishi wa habari huko Arizona, akasema yu tayari kuweka rehani uhai wake kwamba dawa ile haikupata kuingia mwilini mwake. Kisha akadokeza kuwa wamegundua mambo kadha kuhusu mkusanyaji yule yanayotia shaka. Hakusema kuwa mtu huyo alitia kitu ndani ya chupa. Hakuhitaji kusema.

Jina la maskini huyo likatapakaa. Siku chache baadaye akatoa taarifa: amefanya kazi hiyo tangu 2005, amefuata taratibu zile zile alizozoea, wala hakuichezea chupa. Akasema jambo hilo limemhuzunisha sana yeye na jamaa yake. Hebu jiweke mahali pake, msomaji. Waenda kununua mkate na muuza duka anakutazama mara mbili. Nani atakuamini wewe, amwache bingwa ambaye watoto wamebandika picha yake ukutani?

Mapema 2013 gazeti moja la Miami likafichua mambo ya kliniki moja ya Florida, Biogenesis, iliyokuwa ikiwapa wachezaji dawa. Muda si muda jina la Braun likaonekana katika karatasi zake. Akaeleza kuwa mawakili wake walimwendea mwenye kliniki kutafuta ushauri wa kesi tu. Waama, mwongo hakosi wakili! Julai 22 akakubali kufungiwa mechi 65 zilizosalia, bila mshahara. Mwezi mmodi baadaye, Agosti 22, akakiri: mwaka 2011 alitumia krimu na tembe ya kumumunya alipokuwa akiuguza jeraha. Akaomba radhi, na mkusanyaji hakumsahau.

Alipoteza zaidi ya dola milioni 3, lakini mkataba wake mnono ulibaki, na tuzo yake ya mchezaji bora hakunyang'anywa. Alirudi uwanjani 2014 akaichezea timu iyo hiyo hadi 2020.

Iliripotiwa baadaye kuwa wawili hao walikula pamoja chakula cha jioni, wakapatana. Ni vyema. Lakini mimi nimehesabu tarehe. Dokezo lilitolewa Februari 2012, radhi ikaja Agosti 2013. Miezi kumi na minane, mpenzi msomaji, mtu wa watu akitazamwa kwa jicho la pembeni.