Biharusi, Chai Isikumalize Damu



Msimu wa harusi ukifika, biharusi huandaliwa mengi: singo, liwa, udi, na siku hizi pakiti ya "chai ya kupunguza mwili". Anaambiwa imejaa antioksidanti, itamng'arisha uso na kumkata tumbo. Mimi naona tumwambie ukweli mapema.

Antioksidanti zimo kweli kwenye chai. Hizi ni kemikali za mimea zinazosaidia kulinda seli za mwili zisiharibike. Lakini chai ya kijani na chai yetu ya rangi hutoka kwenye mmea mmoja. Ya kijani hubaki na katekini nyingi. Kwenye nyeusi, sehemu kubwa ya katekini hizo hugeuka kuwa antioksidanti za aina nyingine. Kwa hiyo majani ya Mufindi au Rungwe yaliyomo kwenye birika la mama yanatosha. Tia mdalasini, hiliki na karafuu, maana karafuu ni katika viungo vyenye antioksidanti nyingi kabisa. Halafu kula mapera, zambarau, komamanga na mchicha.

Kinachonitia wasiwasi ni damu. Kemikali hizohizo tunazozisifu hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na kisamvu, mwili ukashindwa kuyachukua vizuri. Sisi wanawake tunapoteza damu kila mwezi, na biharusi huenda akabeba mimba mapema inshallah. Akijinyima chakula huku akishindia chai, anaingia kwenye ndoa akiwa na kizunguzungu, na ujauzito unamkuta damu tayari iko chini. Uzuri gani huo?

Chai usiiache, ila itenge na chakula. Kula kwanza, ngoja kama saa moja, kisha kunywa. Kwenye chakula kamulia ndimu au malizia na pera, kwani vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma. Ukiwa na uchovu usioisha au weupe machoni, nenda kapime damu.

Hizo chai za kupunguza mwili, baadhi zina sanamaki. Inaharisha, kinachopungua ni maji, mafuta yanabaki palepale. Na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa ni hatari zaidi: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini iitwayo EGCG, zikitoka kwenye vidonge, zinaweza kudhuru ini.

Na sukari tuipunguze. Vijiko vinne kikombe kimoja, mara tatu kwa siku, faida ya chai itaonekana wapi?

Dini yetu inatukataza israfu, na mwili ni amana. Makungwi na mama zetu, mkimfunda biharusi kuhusu usafi na mapenzi, mfundeni na kula. Mwenyezi Mungu awajaalie maharusi wetu afya na ndoa zenye kheri. Amin.